Soma manuali kwanza! Hiace ya Japani, barabara za Uingereza na broka wa karatasi

Najua nimekuwa kimya, na kuna walioniandikia barua pepe kuuliza kama blogu imekufa. Haijafa. Nilikuwa na hasira, na nimejifunza kwamba mtu mwenye hasira asiachiwe kibodi. Sasa imepungua, ingawa haijaisha, kwa hivyo wacha niandike.

Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo ni habari ya Hiace moja nyeupe ya mwaka 2017, iliyotoka Japani ikashushwa bandari ya Southampton, na ambayo ilimfanya binamu yangu apoteze kazi. Mliokuja kutafuta mambo ya tarakilishi msiondoke. Tutafika huko, kwa sababu kosa lililofanyika ni kosa letu sisi watu wa tarakilishi.

Nianze na dai langu. Broka wa karatasi haishi kwa sababu sheria ni ngumu. Anaishi kwa sababu sisi tunaoweza kuisoma sheria hatuisomi, na wenzetu wakituuliza tunawaambia wakatafute mtu.

ILIVYOKUWA

Mwaka 2024 nilikuwa Leeds kwa mkataba wa kuandika programu. Binamu yangu alikuwa ametangulia huko, kazi yake kuwahudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi yuko kwa mzee huyu, adhuhuri kwa yule, jioni kwa mwingine, na bila leseni ya udereva hakuna kazi. Alikuwa amepita mtihani wa udereva wa Uingereza mwaka uliotangulia. Likumbukeni hilo.

Wikendi alikuwa na biashara yake ndogo: viti, mahema na spika za kukodisha kwa harusi na matanga ya Wakenya. Gari dogo halikutosha. Akaona Hiace kwenye mnada wa Japani, ileile Hiace ambayo sisi tunaijua kama matatu, akakusanya akiba yake na kuinunua. Ilipokuwa baharini alinipigia simu.

"Kaka, wewe ndiwe unayejua mambo ya fomu. Gari likifika nifanye nini?"

Nilikuwa na kazi ya kukabidhi Ijumaa. Nikamjibu, "Tafuta mtu anayejua, umlipe, uendelee na maisha."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Mimi ambaye mshahara wangu unatokana na kusoma nyaraka ndefu zenye kuchosha, nilimwambia mtu wa damu yangu akatafute mtu.

Akampata. Broka alitaka pauni 900, "kila kitu ndani". Wiki zikapita. Kila akiulizwa alijibu kwamba kuna mtu wake huko ndani na faili inatembea. Mwezi wa tatu akaleta jozi ya vibao vya nambari, maandishi mekundu juu ya rangi nyeupe, akasema, "Tumia hivi kwa sasa, hakuna shida."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi. Binamu akapakia viti na kuondoka. Polisi wakamsimamisha kabla hajafika.

Vibao vile vyekundu ni vya wafanyabiashara wa magari, na hutumika kwa shughuli za biashara hiyo tu. Ni kama vile KD vyetu. Raia wa kawaida hawezi kuazimwa akaenda navyo harusini. Gari halikuwa na usajili, na bima haikumlinda katika safari ile. Kuendesha bila bima Uingereza ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari. Walilichukua. Kisha ikaja ile nyundo nyingine: tangu sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995, anayefikisha pointi 6 kabla ya kumaliza miaka 2 tangu apite mtihani wake wa kwanza hufutiwa leseni. Anarudi mwanzo, mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Bila leseni hakuna wazee wa kutembelea. Kazi ikaenda.

Nilipochukua bahasha ya broka na kuipekua nilikuta kitu kimoja tu kilichofanywa: taarifa ya NOVA, ambayo ni fomu ya mtandaoni na ni bure. Basi. Pauni 900.

NJIA YENYEWE

Tulilitoa gari kwa ada ya kulivuta na ya kulihifadhi, juu ya lori, na nikajiapiza kwamba nitalimaliza mwenyewe bila kumlipa mtu hata senti kwa kujua. Usiku mmoja nilisoma. Usiku mmoja tu, jamani! Hii hapa njia nzima.

1. NOVA. Gari likiingia Uingereza kutoka nje una siku 14 za kuiarifu HMRC, mamlaka yao ya kodi. Kuna ushuru wa forodha kulingana na aina ya gari na lilikotoka, kisha VAT ya 20%. Angalia mpangilio wa hesabu: VAT haipigwi kwenye bei ya mnada peke yake, bali kwenye bei pamoja na nauli ya meli pamoja na ushuru wenyewe. Hili lisipokamilika, usajili hauendi popote.

2. Idhini. Gari dogo la mizigo lisilozidi tani 3.5 na ambalo halijafikisha miaka 10 lazima lithibitishwe kwamba limekidhi viwango. Kwa gari moja lililotoka Japani ukaguzi huo huitwa IVA, na unafanywa na wakaguzi wa DVSA. Ulianza mwaka 2009 kuchukua nafasi ya ule wa zamani ulioitwa SVA.

3. MOT. Gari lililozidi miaka 3 linahitaji ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka. Gereji inaweza kulikagua kwa namba ya chasisi, kwa sababu nambari ya usajili bado huna. Likiwa halizidi kilo 3,000 na mzigo wake kamili ni darasa la 4, ada isiyozidi pauni 54.85. Kati ya hapo na kilo 3,500 ni darasa la 7, pauni 58.60.

4. Bima. Nayo inachukuliwa kwa namba ya chasisi.

5. Usajili. Fomu ni V55/5, ya magari yaliyokwisha kutumika. Unaijaza kwa kalamu na kuituma kwa posta kwa DVLA, Swansea, pamoja na hati za gari, uthibitisho wa jina na anwani yako, ada ya pauni 55 na kodi ya barabara. Kitabu cha gari, V5C, huja kwa posta pia, na inaweza kuchukua hadi wiki 6.

6. Vibao. Ukipata nambari unaenda kwa muuzaji aliyesajiliwa ukiwa na kitambulisho na hati ya gari. Nyeupe mbele, njano nyuma, kama tulivyozoea nyumbani.

Na katika njia hiyo yote gari halikanyagi barabara ya umma, isipokuwa likienda kwenye ukaguzi uliokwisha kupangiwa tarehe, likiwa na bima. Hiyo peke yake, sentensi moja iliyo wazi kwenye tovuti ya serikali, ingemwokoa binamu.

MKAGUZI NI KAMA KOMPAILA

Kwa mwandishi wa programu, sehemu tamu ni IVA. DVSA wameweka manuali ya mkaguzi mtandaoni, yote, bure. Ni kitabu kilekile anachotumia mkaguzi mwenyewe. Kila kipengele kinaeleza jinsi kitakavyokaguliwa na kiwango kinachotakiwa. Mimi huku kazini huwa napigania miezi mizima nipewe majaribio yaliyoandikwa vizuri hivyo!

Chukua taa ya ukungu ya nyuma. Japani haiilazimishi, kwa hivyo magari mengi ya huko hayana. Uingereza inaidai kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1980. Iwe nyekundu, iwe katikati au upande wa kulia wa gari, iwe mbali na taa ya breki kwa zaidi ya milimita 100, na dereva awe na kitaa cha kumwonyesha kwamba inawaka. Kwa nini mbali na breki? Kwa sababu taa ya ukungu ni kali, na ikikaribiana na ya breki aliye nyuma yako hatajua unafunga breki au umewasha tu taa. Kwa nini kulia? Kwa sababu wanaendesha kushoto kama sisi, na upande wa kulia ndio ulio karibu na katikati ya barabara. Ukisoma sababu, sheria inaacha kuwa usumbufu.

Spidomita nayo. Ya Japani inasoma kilomita, na barabara za Uingereza zinahesabu maili. Kwenye gari la aina hii kasi inatoka kwenye kihisi kinachotuma mapigo ya umeme, kwa hivyo unaweza kufunga kifaa kidogo kinachogawanya mapigo hayo kwa 1.609, kisha ukabadilisha uso wa saa. Kuna sharti moja nililolipenda: spidomita inaruhusiwa kuzidisha kidogo, lakini hairuhusiwi kamwe kuonyesha kasi ndogo kuliko ya kweli. Kosa linaruhusiwa upande mmoja tu, ule usioua mtu. Mnaoandika programu za hospitali na benki, fikirieni hilo. Na andika mahali umbali gari lilikuwa limetembea siku ya kubadilisha, kwa sababu kuanzia hapo kifaa kinaongeza maili juu ya kilomita, na mnunuzi wa kesho atakuona mwongo.

Tarehe ilikuwa kichekesho. Hati ya Kijapani ya kulifuta gari kwenye usajili wa huko iliandikwa mwaka wa 29 wa Heisei. Unajumlisha 1988, unapata 2017. Tukaitafsiri. Ushahidi wa umri ni muhimu, maana ndio unaoamua nambari ya usajili itaonyesha mwaka gani. Gari lisilo na umri unaojulikana hupewa nambari inayoanza na herufi Q, na thamani yake sokoni huijui mpaka utake kuliuza.

Sasa nikiri. Nilianguka mara ya kwanza. Nilikuwa nimenunua taa ya ukungu kabla ya kufika ukurasa wake, nikamwambia fundi aifunge kushoto kwa sababu nilikuwa nimeona gari fulani la Ulaya likiwa nayo huko. Kosa ni langu, fundi alifanya nilichomwambia. Mkaguzi hakufoka wala hakudokeza kitu kidogo. Alinipa karatasi ya kukataliwa yenye sababu zilizoandikwa: mahali pa taa, na kitaa cha dereva kutowaka. Kosa na mahali pake, kama kompaila nzuri inavyokuambia mstari namba fulani. Nusu siku ya kazi, ada ya kurudia, gari likapita.

Yule "mtu wa ndani" wa broka angefanya nini hapo? Taa ama iko kulia, ama haiko.

"LAKINI BWANA..."

Nimeshasikia majibu yenu, maana nilishayapata kwa simu.

"Huo ni unyanyasaji wa magari ya Japani." Hapana. Gari lolote lisilojengwa kwa viwango vyao linapitia mlango huohuo, litoke Osaka au Detroit. Nimewasikia Wakenya wakilalamika hivyo huku nyumbani kiwango chetu cha KS 1515:2000 kikikataa kabisa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Nchi ina haki ya kuuliza kinachoingia barabarani mwake.

"Manuali ni ndefu." Ni ndefu, ndiyo. Na wewe si wa kwanza kusoma kurasa mia kadhaa kuhusu simu kabla ya kuinunua.

"Wengine hatuna elimu hiyo." Hapa nakubali, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Binamu anajua Kiingereza vizuri. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kitabu kipo, ni bure, na ukurasa wa kuanzia ni huu. Mtu huyo alikuwa mimi. Dakika kumi.

Na msinielewe vibaya kuhusu malipo. Fundi aliyebadilisha uso wa spidomita nilimlipa na nitamlipa tena. Kampuni inayopima moshi na kelele za modeli fulani na kukuuzia ripoti ya kuonyesha kwenye ukaguzi inauza kazi halali. Hao wanauza ujuzi, na unaweza kuwauliza wamefanya nini wakakuonyesha. Broka ukimuuliza amefanya nini anakuambia faili inatembea. Huo ndio mtihani wa kuwatofautisha.

WAINGEREZA NAO WASIJIPIGE KIFUA

Sijaandika haya kuwasifu. Katika njia hiyo ndefu kuna upumbavu pia, na mkubwa ni ule wa miaka 10. Hiace ya miaka 7, yenye injini safi zaidi, lazima ipite IVA. Dada yake ya miaka 12, yenye dizeli ya kizamani, haihitaji IVA kabisa, MOT inatosha. Kwa hivyo mtu mwenye akili za biashara anaagiza lililo kuukuu ili akwepe ukaguzi. Sisi tunafunga mlango gari likizeeka, wao wanalegeza. Kisha mwenye gari hilo kuukuu akiingia nalo London anakutana na ULEZ, ambayo tangu Agosti 2023 imeenea mitaa yote ya jiji: dizeli isiyofikia Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inapoendeshwa humo, isipokuwa Krismasi. Mkono mmoja unakaribisha, mwingine unatoza.

Na fomu ya kalamu kutumwa Swansea kwa posta! Taarifa ya NOVA ni ya mtandaoni, matokeo ya MOT yanahifadhiwa kwenye tarakilishi, halafu raia anaandika upya kwa mkono namba ileile ya chasisi, anabandika stempu na kungoja. Mwananchi amegeuzwa waya wa kuunganisha mashine. Rafiki zangu wa Nairobi wanaodhani Ulaya kila kitu ni kubofya, njooni mnunue bahasha.

Lakini angalieni. Mfumo huo wa bahasha, pamoja na upole wake wote, haukunidai kumjua mtu. Kila sharti lilikuwa limeandikwa mahali ninapoweza kulisoma kabla ya kulipa. Kasi na uwazi ni vitu viwili tofauti, na ukinilazimisha kuchagua nitachukua uwazi.

SASA SISI

Huku kwetu tunafanya kinyume. Tunaweka skrini mbele ya kila ofisi, tunaita mageuzi ya kidijitali, na nyuma ya skrini sheria imebaki gizani. Viwango vyetu vyenyewe ni bidhaa: ukitaka maandishi kamili, unayanunua. Halafu mwananchi anajaza fomu mtandaoni usiku kucha, anabofya, na skrini inamjibu: "Maombi yako yamekataliwa. Wasiliana na ofisi husika."

Nani aliandika ujumbe huo? Si waziri. Ni mimi na wewe. Tulikuwa na kazi ya kukabidhi Ijumaa, tukaona kueleza sababu ni kazi ya ziada. Kesho yake asubuhi, nje ya ofisi hiyo husika, kuna kijana mwenye bahasha ya khaki anayejua kwa nini maombi yalikataliwa, na atakuambia kwa elfu mbili. Huyo broka hakuzaliwa na ufisadi peke yake. Amezaliwa na ujumbe wetu wa makosa.

Kwa hivyo, wenzangu wa kuandika programu, ninawaomba mawili. Mfumo wako ukimkatalia mtu, umwambie kipengele gani, kiwango gani, na arekebishe vipi. Na kama mteja wako, awe serikali au kampuni, anataka ujenge fomu juu ya sheria ambayo mjazaji hawezi kuisoma, mwambie achapishe sheria kwanza. Akikataa, angalau ujue unajenga duka la nani.

Na kwa sisi sote, hata tusioandika programu: shangazi, jirani au binamu akikuuliza nifanye nini na fomu hii, usimwambie atafute mtu. Kaa naye. Fungueni ukurasa pamoja.

Hiace iko barabarani Leeds sasa, na nambari yake ya 2017 bila Q. Redio bado inashika masafa ya Kijapani tu, lakini hiyo haimo kwenye manuali. Binamu amerudia nadharia na mtihani wa barabarani na amepita, ila nafasi yake kwa wale wazee ilishachukuliwa na mwingine, na mmoja wao, bibi aliyempenda sana, alifariki kabla hajarudi kumsalimu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, wala kunikumbusha ile simu.

Mimi naikumbuka. Someni manuali, jamani, na mkishaisoma mwonyesheni mwingine ilipo.